Sokoni Unadai Mizani, Gereji Unapokea Injini kwa Macho

Ndugu mkulima, na wewe ndugu yangu unayezunguka vijijini kununua mazao, leo tuache kidogo mbegu na viuatilifu, tuzungumze habari ya gari. Sijahamia ufundi. Nimeona tu kwamba fedha ya mavuno haipotelei kwenye dawa feki na bei mbovu peke yake. Nyingine inapotelea gereji, na huko hakuna anayepiga kelele.

Mambo huwa hivi. Mtu ana Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita isiyo na turbo. Imebeba mahindi, viazi na watu kwa miaka mingi, sasa inatoa moshi na kunywa oili. Anauza magunia, anakopa kwenye kikundi, anaambiwa: "Tunakufanyia ovahoo, halafu tunakuongezea nguvu kidogo, utapanda mlima ukiwa umekaa." Gari linatoka likiwa na injini iliyopakwa rangi, linavuta kweli kweli. Baada ya wiki chache liko juu ya mawe, injini iko chini ya mwembe, na mkopo uko palepale. Kisha watu wanasema ni bahati mbaya. Wengine wanatafuta mchawi.

Mimi nasema hapana. Injini iliyofanyiwa ovahoo haifi kwa bahati mbaya. Inakufa kwa sababu hakuna aliyeipima kabla ya kuifunga, hakuna aliyepima vile inavyofungiwa navyo, na mwenye gari alilipa bila kuuliza namba hata moja.

Tumepigana na lumbesa miaka mingi. Leo mkulima anajua gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na dalali akimwambia "nakadiria tu kwa macho" anamfukuza. Mkulima huyo huyo akienda gereji anaonyeshwa injini inayong'aa, inawashwa dakika tano, anaambiwa "sikiliza ilivyotulia", anatoa fedha ya msimu mzima. Hiyo nayo ni lumbesa. Tofauti ni kwamba hii umejipigia mwenyewe.

Ukinunua nguvu, umenunua joto

Injini ya dizeli haitoi nguvu hewani. Nguvu zaidi maana yake ni dizeli nyingi zaidi inayochomwa, na dizeli nyingi ni joto jingi. Kwa hesabu ya jumla, karibu theluthi moja ya joto la dizeli ndiyo inayogeuka kuwa kazi ya kusukuma gari. Karibu theluthi nyingine inatoka na moshi, na iliyobaki sehemu kubwa inabebwa na maji kwenda kwenye rejeta. Kwa hiyo anayekuongezea nguvu robo nzima amemwongezea rejeta mzigo wa kiasi hicho hicho. Muulize: rejeta ameigusa?

Sasa tuitazame 1HZ yenyewe. Ni injini ya lita 4.2 hivi, na sifa yake kubwa ni uvumilivu. Ilitengenezwa kuvuta hewa yenyewe, bila turbo. Mgandamizo wake ni mkubwa, zaidi ya 22 kwa 1, na dizeli huanza kuwaka kwenye kichumba kidogo ndani ya silinda hedi. Ukiisukumia hewa kwa turbo kisha ukafungua pampu imwage dizeli zaidi, joto linakusanyika hapo hapo kwenye kichumba, na hedi inapasuka nyufa karibu na vali. Ndugu zake wa 1HD walioundwa na turbo kiwandani wana mgandamizo mdogo zaidi na dizeli yao inachomwa moja kwa moja juu ya pistoni. Zinafanana kwa nje, lakini kazi zake ni tofauti.

Wapo waliofunga turbo kwenye 1HZ ikadumu. Hao waliweka turbo kwa presha ndogo, wakafunga kipimo cha joto la moshi mbele ya dereva, wakaweka rejeta nzima, na dereva akakitii kipimo. Kama fundi wako hana mpango wa hayo manne, anachokuuzia ni mlipuko wa mkopo.

Kuna pia wanaonunua injini ya mtumba yenye turbo, kama 1KZ-TE ya lita 3. Hiyo pampu yake inaongozwa na kompyuta. Ukiinunua bila boksi lake na wayaringi yake yote, umenunua nanga. Hedi yake ni ya aluminiamu, na ikichemka mara moja tu inaweza kupasuka. Usiifunge kabla hedi haijapimwa, hata kama muuzaji anaapa imetoka Japani jana.

Vipimo vya kudai kabla injini haijarudi kwenye gari

Nenda na daftari. Omba namba hizi, ziandikwe, na fundi asaini.

1. Krenki. Ni saizi ya kawaida, au imechongwa 0.25 au 0.50 ya milimita? Beringi zilizowekwa ni za saizi hiyo hiyo? Uwazi kati ya krenki na beringi umepimwa kwa uzi wa plastiki wa kupimia, au "umeonekana uko sawa"?

2. Silinda na pistoni. Silinda huliwa zaidi juu kuliko chini, na haibaki duara. Kwa hiyo hupimwa juu, katikati na chini, pande mbili. Uwazi wa ncha za ringi nao upimwe ringi ikiwa ndani ya silinda, si mkononi.

3. Silinda hedi. Iwekewe rula ya chuma kuona kama imepinda, kisha ijaribiwe kwa presha ndani ya maji ya moto kutafuta nyufa. Kuipaka rangi hakuzibi ufa.

4. Nozo na pampu ya dizeli. Zipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Nozo moja inayodondosha badala ya kupuliza inaweza kutoboa pistoni mpya. Hapo utakuwa umeweka pistoni sita na kuziacha mikononi mwa nozo ya zamani.

5. Kipoza oili na njia za oili. Kama injini ya kwanza ilikufa kwa beringi, chembe za chuma zimejaa ndani ya kipoza oili. Ukikirudisha hivyo, saa ya kwanza tu chembe zinarudi kwenye beringi mpya. Njia zote za oili kwenye bloku na krenki zisafishwe kwa brashi na hewa ya kompresa. Kipoza ni bora kibadilishwe.

6. Mkanda wa taimingi. 1HZ ina mkanda, si mnyororo. Ukikatika, pistoni zinakutana na vali. Weka mpya pamoja na kikazio chake, andika kilomita za siku hiyo, na usipitishe kilomita 100,000.

Mwisho, dai vipuri vya zamani vyote urudishiwe kwenye gunia. Si kwa kuviuza chuma chakavu tu. Ni ushahidi kwamba vilitoka. Fundi mzuri hakasiriki ukimwomba namba. Anafurahi kumpata mteja anayeelewa kazi. Anayekasirika ameshakujibu.

Acheni kutoa themostati

Hili nalisema kwa ukali kwa sababu limekuwa kama dini. Gari likichemka, cha kwanza kinachotupwa ni themostati, eti "nchi yetu ni ya joto". Themostati ikifunguka inaruhusu maji kwenda kwenye rejeta na wakati huo huo inaziba njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inazunguka bila kufika kwenye rejeta. Mlimani, ukiwa na mzigo, unachemka zaidi kuliko mwanzo. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata joto, dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili, na ringi mpya zinaliwa kabla ya wakati.

Na mfuniko wa rejeta usiudharau. Kwenye nyanda za juu kama Mbeya au Njombe, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 93 hadi 95 hivi, si 100. Mfuniko wenye springi nzima unayabana maji yasichemke mapema. Uliolegea, au ule wa bati la kopo, unayaachia. Mamilioni yameteketea kwa mfuniko.

Kwa hiyo kabla injini haijafungwa: rejeta ifunguliwe na kuzibuliwa mirija, matope na nyasi kati ya mapezi yaoshwe kutoka upande wa injini kwenda nje, mipira ya maji iwe mipya, feni ikamate ikipata joto, na ndani iwekwe kulanti, si maji ya mtoni. Maji ya mtoni yanaleta kutu na magamba, na rejeta uliyoizibua itaziba tena kabla ya msimu ujao.

Siku ya kuwasha

Injini mpya haina oili kwenye beringi. Chomoa kwanza waya wa kuzimia dizeli kwenye pampu, ili stata izungushe bila injini kuwaka. Zungusha kwa sekunde kumi hivi, pumzisha stata, rudia, mpaka kipimo cha oili kipande. Ndipo urudishe waya. Hewa kwenye dizeli itoe kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta.

Ikiwaka, macho yawe kwenye kipimo cha oili na cha joto, si kwenye simu ya kurekodi video. Tafuta mahali panapovuja. Ikishapata joto, izime, iache ipoe, ongeza kulanti iliyoshuka, kisha itoe barabarani.

Naam, itoe barabarani. Ule mtindo wa kuiacha injini iungurume kutwa nzima uani ili "ilainike" ni kosa. Ringi hukaa vizuri kwa kusukumwa na presha ya mwako. Injini isiyo na kazi haina presha hiyo, na kuta za silinda zinang'arishwa kama kioo kabla ringi hazijakaa. Baadaye italamba oili maisha yake yote. Kosa la upande wa pili ni kupakia tani mbili siku hiyo hiyo.

Njia ni ya katikati. Kwa kilomita 1,000 za kwanza, tembea na mzigo mwepesi, badilisha mwendo mara kwa mara, usikanyage mafuta mpaka chini, usivute gari la mwenzako, usipande mlima mrefu kwa gia kubwa. Mwaga oili na filta kwenye kilomita 500, tena kwenye 1,000, kisha kila 5,000. Oili ya kwanza ikaguliwe kwenye karai safi. Vumbi jeusi laini si ajabu, lakini vipande vinavyometa vinakwambia usimame.

Ikisumbua, pima kabla ya kufungua

Hapa ndipo fedha ya pili inapopotea. Injini ikitoa dalili yoyote, hedi inafunguliwa. Ndugu yangu, hedi ni mlango wa mwisho, si wa kwanza.

Haiwaki asubuhi: anza na betri, nguzo zake, na waya wa ethi kati ya injini na chesisi. Waya huo husahaulika injini inaporudishwa. Kisha plagi za joto moja moja, halafu hewa kwenye mpira wa dizeli. Baada ya hapo ndipo uulize kama mkanda wa taimingi umeruka jino.

Moshi: mweupe wa asubuhi unaokatika ni dizeli isiyoungua, angalia plagi za joto na taimingi ya pampu. Mweupe usiokatika, huku maji yakipungua, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa chache: filta ya hewa, nozo, au pampu iliyofunguliwa kupita kiasi. Wa buluu ni oili. Kidogo kwa kilomita za kwanza si ajabu, lakini baada ya 1,000 ni kesi.

Inachemka: ikichemka imesimama, shuku feni. Ikichemka mlimani tu, shuku rejeta. Ikichemka mara baada ya kufungwa, shuku hewa iliyobaki kwenye maji. Kisha fanya jaribio hili injini ikiwa baridi: fungua mfuniko, washa, tazama maji. Mapovu yasiyoisha ni moshi wa silinda unaopita kwenye gasketi au kwenye ufa. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Yale maji yanatoa ngozi.

Kipimo cha oili kiko chini: usiamini kipimo cha kwenye dashibodi. Funga kipimo cha mkono kwenye bloku. Kikisema juu, umeokoa fedha. Kikisema chini kweli, zima hapo hapo, hata kama nyumbani unakuona.

Haina nguvu: shika vikombe vya magurudumu baada ya safari. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki inashika na injini haina kosa. Angalia waya wa mafuta kama unafika mwisho. Badilisha filta ya dizeli. Kisha jiulize unanunua dizeli wapi. Pampu ya 1HZ inalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli ya vidumu iliyochanganywa na mafuta ya taa inaitafuna pampu kimya kimya, na hakuna ovahoo itakayoiponya.

Inatetemeka: tazama mauntini za injini na namna klachi ilivyokaa kabla hujamsingizia krenki.

Na kanuni ya kila kitu: badilisha jambo moja, jaribu, andika. Wakibadilisha matano kwa mkupuo na gari likapona, hutajua lililoponya. Umelipia matano.

Najua mtakavyonijibu

Utasema: "Bwana shamba, msimu hausubiri, nyanya zinaoza." Ni kweli, na ndiyo maana nakwambia ovahoo haifanywi wiki ya kuvuna. Ifanye mavuno yakiisha, wakati bado una fedha na barabara ni kavu. Kilomita 1,000 za mzigo mwepesi zimalize kwa kusambaza mbolea na mbegu kidogo kidogo. Kama imeharibika katikati ya msimu, kodi gari la mwenzako kwa safari chache. Kodi inauma, lakini inaisha. Injini ya pili haiishi.

Utasema: "Vipimo ni ghali." Kupima hedi, krenki na nozo ni sehemu ndogo ya gharama ya ovahoo. Kama fedha haitoshi kwa injini na vipimo, basi haitoshi kwa injini. Subiri.

Utasema: "Fundi wangu ana uzoefu wa miaka mingi." Nawaheshimu mafundi, wengi wanafanya makubwa kwa vifaa vichache. Lakini jicho lenye uzoefu halioni sehemu ya mia ya milimita. Hata bibi mwenye shamba miaka hamsini anapima mahindi kwa mizani siku ya kuuza.

Utasema: "Bila nguvu sipandi." Mara nyingi unachokosa si nguvu. Ni matairi, gia ndogo, na gunia tano za kushusha. Tena jiulize swali hili: injini mpya itakupandisha Kitonga, nani atakushusha? Breki, klachi, giaboksi na difu ni za zamani ile ile, na juu ya magunia wamekaa mama wa watu na utingo wako. Ukiwa na fedha ya kuongeza nguvu, iwekwe kwanza kwenye breki.

Jambo la mwisho ni karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukiweka injini nyingine, nenda TRA ukabadilishe taarifa, na utunze risiti ya ulikoinunua. Siku ya ukaguzi barabarani, au siku ya ajali, injini isiyolingana na kadi itakufanya ujieleze kama mwizi kwenye gari lako mwenyewe.

Hatukuishinda lumbesa kwa kulalamika majumbani. Pale iliposhindwa, ni kwa sababu wakulima walikataa kufungua ghala mpaka mizani ije. Fanyeni vivyo hivyo gereji. Mmoja akidai namba ataonekana msumbufu. Kijiji kizima kikidai, fundi atanunua vifaa vya kupimia, na asiyevinunua atabaki na gereji tupu. Kesho ukienda kuulizia injini yako, acha kwanza fedha nyumbani. Nenda na kalamu.